Wakfu wa Riwaya: Kitabu Kipendwacho na Msomaji wa Hanga

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii husikika sana kwenye michango ya harusi na ya misiba, lakini ni nadra kutajwa katika mazungumzo ya fasihi. Hata hivyo inamgusa mhakiki moja kwa moja pale mpenzi wa vitabu anapofungua kabati lake, akatoa riwaya azipendazo, akazigawa kwa watu asiowajua. Mtu huyo hakuandika makala wala hakusimama mbele ya kongamano, lakini uhakiki amekwisha kuufanya. Amechagua na kuacha, ametanguliza hiki na kuchelewesha kile, na juu ya yote ameilipia hukumu yake. Anayeisifu riwaya kwa maneno hapungukiwi na kitu. Anayeitoa huondokewa na nakala yake, na aghalabu ni nakala ambayo hataipata tena dukani.

Uhakiki wa namna hiyo unastahili nao kuhakikiwa. Swali lake ni jepesi kuliuliza na zito kulijibu: riwaya zipendwazo visiwani na pwani zikifungwa pamoja, zikavuka bahari, kisha zikasafiri zaidi ya kilomita 900 za barabara mpaka Songea, na kutoka hapo zikatua Hanga, zipi zitasomwa huko, na kwa sababu gani?

Ugawaji wa riwaya si jambo geni duniani. Tarehe 5 Machi 2011, Uingereza na Ireland ziliadhimisha kwa mara ya kwanza usiku wa kugawa vitabu. Watu wapatao 20,000 walijitolea kugawa nakala zinazokaribia milioni 1, za vitabu 25 vilivyoteuliwa. Baadhi ya wauza vitabu walinung'unika kuwa kitu kitolewacho bure huishiwa na thamani machoni pa watu. Hekima ya mpango ule ilikuwa kwamba mgawaji alichagua mwenyewe, miongoni mwa vile 25, kitabu alichokipenda, akakipeleka kwa mtu asiye na mazoea ya kusoma. Upungufu wake ulikuwa kwamba orodha yenyewe ilikwisha kupangwa kabla mgawaji hajafumbua kinywa, kwa hiyo mapenzi yake yalizungushiwa ua.

Tanzania nayo ina mfano wake, na kwa upande mmoja ni mfano bora zaidi. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, ulijijengea utaratibu wa kununua kwa mchapishaji nakala 3,000 kati ya 5,000 alizochapa. Nakala hizo ziligawiwa shuleni bila ya malipo, na 2,000 zilizobaki zikaachiwa soko. Mtoto wa kijijini alipata kitabu, mtunzi akapata haki yake, na mchapishaji hakufilisika. Kwa utaratibu huo, lile nung'uniko la wauza vitabu lilikwisha kujibiwa miaka 20 kabla halijasikika Uingereza.

Lakini vitabu hivyo vilikuwa vya watoto. Riwaya ya watu wazima haikujaaliwa mlezi wa namna hiyo. Katika miaka ya 1970 taifa zima liliingia darasani, na takwimu za serikali za mwaka 1986 ziliwahesabu watu wazima wasiojua kusoma kuwa chini ya asilimia 10. Ushindi huo ulikuwa mkubwa. Hata hivyo, mkulima aliyehitimu kisomo chenye manufaa alikabidhiwa vitabu vya kilimo cha pamba, vya ufugaji, vya lishe na vya usafi wa nyumba. Vilikuwa vitabu vya lazima, na hakuna wa kuvibeza. Ila mtu aliyefunzwa kusoma hakupewa kisa cha kumkosesha usingizi. Alionyeshwa mlango, ukafunguliwa, na ndani akakuta jembe lile lile alilokuwa ameliacha nje. Riwaya iliachwa ijitafutie njia, na njia zake nyingi ziliishia mijini na katika mitaala ya shule.

Kwa nini Hanga? Kijiji hiki kipo nje ya mji wa Songea, katika eneo ambalo siku hizi huhesabiwa katika Wilaya ya Namtumbo, penye Wangoni na Wandendeule. Wazee wengi huko walinyonya lugha ya kwao kabla ya Kiswahili, na Kiswahili wakakipata shuleni, sokoni na kanisani. Hapo pana abasia ya watawa wa Kiafrika wa Shirika la Mtakatifu Benedikto, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 chini ya malezi ya Peramiho. Peramiho yenyewe ni misheni ya mwaka 1898, na kiwanda chake cha uchapaji kimekuwa kwa miongo mingi chemchemi ya vitabu vya Kiswahili katika nyanda za kusini. Basi mtu wa pwani anayedhani kwamba akipeleka riwaya Hanga anapeleka maandishi mahali yasipojulikana, amekosea njia kabla hajafunga mzigo. Anakwenda kwa watu wenye mila yao ya kitabu, na mila hiyo ina mengi ya kumfundisha mgawaji.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, inao utaratibu wake wa kugawa vitabu. Sura ya 48 inaagiza kwamba mwanzoni mwa Kwaresima kila mtawa apewe kitabu kutoka maktaba, naye akisome chote kwa mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho. Wazee mmoja au wawili huteuliwa kuzunguka saa za kusoma, ili waone kama yuko mvivu anayepoteza wakati kwa soga. Sura ya 33 inakataza mtawa kumiliki kitu chochote, na kati ya vitu inavyovitaja kwa jina kimo kitabu. Kwa hiyo mtawa hupewa asichoweza kukiita chake, na hukabidhiwa pamoja nacho wajibu wa kukimaliza.

Msomaji wa visiwani akiyasikia hayo hatashangaa, kwa kuwa jambo hilo lipo kwao kwa jina la wakfu. Kitu kikiwekwa wakfu, asili yake huzuiwa na manfaa yake huachiwa watu: hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi tena zawadi, na sharti la mwekaji huheshimiwa. Pwani yote ya Waswahili ilijua kuviweka wakfu vitabu. Miswada ya kale iliyohifadhiwa katika msikiti wa Riyadha, Lamu, ina kurasa zenye maandishi ya wakfu, yanayoeleza kuwa kitabu hiki kimetolewa kwa ajili ya wenye kutafuta elimu. Mtoaji aliliandika jambo lake ndani ya kitabu chenyewe ili kila atakayekifungua baadaye ajue kwamba anasoma amana.

Mila hizi mbili hazikuzaliwa kwa ajili ya riwaya. Zilizaliwa kwa ajili ya maandiko matakatifu, sheria, sarufi na maisha ya watu wema. Riwaya ni mgeni aliyekuja baadaye, na wapo waliomtilia shaka. Lakini zote mbili zinakubaliana juu ya nukta ambayo ugawaji wa leo umeisahau, nayo ni kwamba thawabu ya kugawa kitabu hukaa katika kusomwa kwake. Maboksi ya vitabu vilivyochokwa na wenyewe, yanayofungwa na kupelekwa shule za vijijini ili mtoaji apate nafasi kwenye rafu, hayahesabiki kuwa wakfu. Huko ni kutupa kwa adabu. Mwenye kugawa anachokipenda yu mahali pengine kabisa, kwani anatoa kitu ambacho kutoweka kwake kutamuuma.

Tukifika hapa ndipo kazi ya uhakiki inapoanza hasa, kwa sababu kupenda peke yake si kipimo. Riwaya nyingi zipendwazo visiwani hupendwa pamoja na baraza lake. Msomaji wa Mji Mkongwe anapozisoma huwa amekwisha kuzungukwa na wasaidizi. Vichochoro anavijua, lahaja ni yake, mzaha wa mtaani anaudaka kabla sentensi haijakwisha, na jirani yupo wa kumweleza nani hasa alikusudiwa na mtunzi. Riwaya hiyo hiyo ikifika Hanga hufika peke yake. Baraza limebaki nyuma, ng'ambo ya bahari. Chema chajiuza, walisema wahenga, na ugenini ndiko kinakojiuza bila ya dalali.

Tuanze na Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957 na 1958, ukachapishwa mwaka 1960, na tangu hapo Bwana Msa na kiko chake wamekuwa kama jamaa wa kila nyumba ya Unguja. Je, Bwana Msa anavuka? Nusu yake inavuka. Majibizano yake na Najum yamejaa vijembe ambavyo utamu wake upo katika lafudhi, na hivyo vitafifia. Lakini muundo wa riwaya ni fumbo lenye kutaka jibu, na fumbo halihitaji kujua mtaa. Isitoshe, kisa kinachoanza na hofu ya mzimu kikaishia kwenye hoja ya akili kina jambo la kumwambia msomaji wa kila mahali ambapo watu huogopa mizimu na hupenda pia kuuliza maswali, na Hanga haikosi hesabuni. Riwaya hii iwekwe katika mzigo, na iwe ya kwanza kufunguliwa, kwa sababu huvuta msomaji kwa kamba ambayo haihitaji mafunzo.

Utubora Mkulima wa Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka 1968 baada ya mtunzi kufariki, huonekana kwa haraka kuwa ndio unaofaa kuliko yote. Kijana anaacha kazi nzuri ya mjini anakwenda kulima. Nani atakipenda kisa hiki kama si wakulima? Hapo pana mtego. Utubora analima kwa hiari, akiwa na chaguo jingine mkononi, na shamba lake ni mahali pa kuitakasia nafsi. Mkulima wa Ruvuma anayesubiri bei ya mahindi anajua kwamba jembe lina upande ambao mtunzi hakuushika sana. Huenda akakiona kitabu hiki kuwa sifa za mtu wa mjini kwa maisha asiyoyabeba. Hilo halikiondolei ufasaha wake, na Kiswahili chake ni darasa tosha. Ila linaonyesha kwamba kumpelekea mkulima riwaya kwa sababu tu inataja kilimo ni kumdhania kwamba hana hamu ya kitu kingine.

Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, inasimama kwa miguu mingine. Rehema anakataliwa na baba yake Fuad, anakulia katika udhalili, na anapata utu mikononi mwa Sulubu, mkulima asiye na jina wala mali. Kisha ardhi waliyoifufua kwa jasho inadaiwa na wenye nguvu ya kurithi. Mandhari ni ya Unguja, matabaka ni ya Unguja, na majina ya miti ni ya Unguja. Lakini kitendawili cha mtu anayelima ardhi miaka mingi kisha akaulizwa ushahidi wa umiliki hakina kisiwa. Hapa hakuna haja ya baraza, kwa kuwa msomaji wa Hanga atakuja na la kwake. Ikiwa mtoaji ana nafasi ya riwaya moja tu katika mfuko wake, achukue hii, ijapokuwa ndiyo atakayojuta zaidi kuitoa.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ina hatari ya aina yake. Yasmin anayemkimbia mume mzee, Mwajuma anayempokea Ng'ambo, na Denge anayewindwa na dola ya kikoloni ni wahusika hai kiasi kwamba mwaka 2021 Amil Shivji aliwaingiza katika filamu bila ya wao kuonekana wazee. Hatari ni kwamba msomaji wa mbali anaweza kushika taarabu, manukato na mapenzi, akaiacha siasa, akafunga kitabu akiamini kwamba pwani ni mahali pa starehe. Dawa yake ni kuipeleka nakala zaidi ya moja. Nakala moja huzaa msomaji mmoja na ndoto yake. Nakala nne huzaa ubishi, na ubishi ndio baraza jipya la riwaya hiyo.

Mpaka hapa mzigo unakwenda upande mmoja tu, kana kwamba pwani ndiyo itoayo na bara ndiyo ipokeayo. Rosa Mistika wa Euphrase Kezilahabi anaigeuza hesabu hiyo. Riwaya ilichapishwa mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, kisha baadaye ikaingizwa katika mitaala, na imesomwa sana pwani kama kisa cha binti aliyebanwa mno na baba yake Zakaria, akaharibikiwa alipopata uhuru asioandaliwa kuutumia. Ufafanuzi huo ni sahihi, ila ni nusu ya njia. Jina la Rosa Mistika ni moja ya majina ya Bikira Maria katika litania, na Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, aliyepitia seminari ya Nyegezi, hakuliokota njiani. Msomaji aliyekua akiisikia litania ikisaliwa ataingia katika riwaya akiwa amekwisha kujua kilichowekwa mabegani mwa binti huyu siku ya kubatizwa: alipewa jina la usafi usio na doa, kisha akaachwa aishi duniani. Kwake yeye, kila anguko la Rosa ni jina linalomhukumu mwenye kulibeba. Msomaji wa Hanga anaifikia safu hiyo bila ya mwalimu, ilhali mjuzi wa tenzi na mashairi wa Unguja huipita. Kitabu kilichotumwa kama zawadi kinarudi kikiwa kimefafanuliwa, na aliyetoa ndiye anayepokea.

Tena yupo Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ambaye maisha ya kitabu chake ni onyo kwa kila mwenye kuchelewesha kitabu kumfikia msomaji. Alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, asipate mchapishaji. Aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa kwa vitabu viwili mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Kitereza alifariki mwaka 1981 pasipo kujaaliwa kuishika mkononi. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliochelewa kupata mtoto, wanaishi katika kurasa zenye ulimaji, upikaji wa pombe, uganga na taratibu za kutembeleana zilizoelezwa kwa utulivu usio na papara. Wasomaji wa pwani wengine huichoka, wakaiita ndefu. Kiswahili chake kina mwendo wa lugha nyingine ndani yake, na mtu aliyezoea mizani ya pwani huusikia mwendo huo kama kujikwaa. Lakini kwa msomaji ambaye naye huwaza kwa Kingoni au Kindendeule kabla ya kusema kwa Kiswahili, huko si kujikwaa. Ni hatua anazozijua. Huenda akaona kwa mara ya kwanza kwamba Kiswahili kinaweza kuubeba mji wake bila ya kumtaka avue nguo zake mlangoni. Kama lipo jambo moja ambalo ugawaji wa riwaya unaweza kulifanya na mitaala haikulifanya, basi ni hilo.

Yatasemwa mawili dhidi ya hayo yote. La kwanza ni kwamba kugawa bure kunamdhulumu mtunzi. Dhuluma hiyo ipo pale vitabu vinapodurufiwa kwa wizi, au pale nakala za msaada zinapomwagwa mpaka duka la jirani likafungwa. Nakala iliyonunuliwa kwa haki kisha ikapita mikono kumi haimdhulumu mtu. Na kwa riwaya zisizochapwa tena, kupita mikono ndiyo pumzi pekee iliyobaki. La pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba mgawaji hujipenda mwenyewe kupitia vitabu vyake, akataka wengine wawe kama yeye. Kuna ukweli hapo, na tiba yake ipo katika masharti. Sharti la Benedikto, kwamba kitabu kisomwe chote, linamlinda mtunzi. Sharti la wakfu, kwamba kisigeuke mali ya mtu, linamlinda msomaji ajaye. Linabaki sharti la tatu, la kumlinda mpokeaji dhidi ya majivuno ya mtoaji: awe na haki ya kukikataa kitabu na kueleza kwa nini, na neno lake lipewe uzito ule ule unaopewa neno la mhakiki wa chuo.

Kwa sharti hilo mzigo wa kwenda Hanga hauwezi kuwa na riwaya peke yake. Ndani ya kila kitabu na iwekwe karatasi tupu, mahali pale pale ambapo watu wa kale waliandika maneno ya wakfu. Aliyetoa aandike kwa nini alikipenda, katika mistari michache, bila ya kutaja jina lake. Kila atakayekimaliza aandike chini yake la kwake, kwa Kiswahili alichonacho. Karatasi ikijaa, kitabu kiendelee mbele na karatasi irudi kisiwani. Yatakayosomwa humo kuhusu Sulubu, kuhusu Rosa, kuhusu Bugonoka aliyesubiri mtoto, ndiyo yatakayoonyesha ni riwaya ipi iliyofika kweli.